Mstari Usiokwepeka

Kila chombo kinachoizunguka Dunia hakina budi kushughulika na ikweta. Kiwe cha jeshi la Marekani au cha wanafunzi wa chuo kikuu, kiwe kimerushwa kutoka nyika za Kazakhstan au fukwe za Florida, katika kila mzunguko kitaupita mstari huo mara mbili, mara moja kikipanda kaskazini na mara moja kikishuka kusini. Visivyouvuka ni vile vichache vilivyowekwa makusudi kuufuata wenyewe, navyo haviondoki juu yake usiku na mchana. Mwenye chombo anaweza kuchagua kimo, anaweza kuchagua saa ya kurusha, anaweza hata kupanga asipite kamwe juu ya Urusi au Australia. Lakini mstari unaokatiza Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, ukaendelea hadi kandokando ya Mbandaka kwenye Mto Kongo, huo hana namna ya kuukwepa.

Sisi tuliozaliwa karibu nao tulifundishwa shuleni kwamba ikweta ni mstari wa kufikirika, na mwalimu alisema kweli. Ukiuvuka kwa basi huhisi kitu. Huko juu, hata hivyo, mafundi wa roketi huuhesabia fueli kwa tani na fedha kwa mamilioni, na mataifa yamewahi kuugombania. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka, na naona linastahili kusemwa kwa kirefu na watu wanaoishi chini yake.

Tuanze na kuanguka, kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapotoka njiani. Anayetazama picha za wanaanga wakielea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga hudhani kwamba wamefika mahali ambapo uvutano umekwisha. Kituo hicho kiko kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, pungufu ya safari ya gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, na uvutano wa Dunia pale bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaotushika sisi. Laiti ungekuwapo mnara wa kimo hicho, ukapanda na kusimama kileleni, ungejiona mzito karibu kama ulivyo sasa. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao, vijiko vyao na kuta za chumba chao vyote vinaanguka pamoja, kwa mwendo mmoja, mchana na usiku, kwa miezi.

Isaac Newton aliliona hilo karne tatu zilizopita. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1728, mwaka mmoja baada ya kifo chake, mnachorwa mlima mrefu ambao kutoka kileleni kitu kinarushwa mbele kwa kasi inayozidi kuongezeka, kila mara kikienda kutua mbali zaidi, hadi mara ya mwisho kinashindwa kutua kabisa. Hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza. Kitu kilichoachiliwa hewani huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Na Dunia, kwa kuwa ni tufe, inajipinda: ukinyoosha mstari kutoka ufukweni kwenda baharini, baada ya kilomita 7.9 uso wa maji utakuwa umeshuka mita 4.9 chini ya mstari huo. Basi mpe kitu kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde, uondoe hewa inayokizuia. Sekunde ikipita kitakuwa kimeanguka mita 4.9, na Dunia itakuwa imejikunja mita 4.9 ile ile. Kimo hakijapungua. Sekunde inayofuata hadithi ni hiyo hiyo, na inayofuata, na inayofuata. Injini imezimwa zamani, na hakuna kinachokishikilia chombo kile isipokuwa kwenda kwake. Kila nikiirudia hesabu hii napata mshangao ule ule wa mara ya kwanza, kwamba tarakimu chache namna hii zinatosha kubeba kituo chenye uzito wa tani zaidi ya mia nne.

Mwendo huo una ukaidi wake. Tarehe 3 Juni 1965 mwanaanga James McDivitt, akiwa ndani ya Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi kilichokuwa kikielea mbele yake. Alifanya kile ambacho dereva yeyote angefanya: akalenga, akawasha injini, akaongeza mwendo. Kipande kikazidi kwenda mbali. Alipoongeza mwendo obiti yake ilipanuka, na obiti iliyo juu zaidi ni ndefu na ya polepole zaidi, kwa hiyo akabaki nyuma. Fueli ikapungua na jaribio likaachwa. Miezi sita baadaye, tarehe 15 Desemba, Walter Schirra na Thomas Stafford waliifikia Gemini 7 kwa kutokea chini na nyuma, kwenye obiti fupi na ya haraka, wakajiinua taratibu hadi vyombo viwili vikawa chini ya mita moja kutoka kimoja hadi kingine. Huko juu anayetaka kumfikia aliye mbele hana budi kwanza kushuka. Hata msuguano wa hewa, ule mwembamba uliobaki kwenye kimo cha kilomita mia kadhaa, hufanya kinyume cha matarajio: unakipunguzia chombo nguvu, chombo kinashuka, na kwa kushuka kinakwenda kasi zaidi kuliko mwanzo.

Sasa turudi kwenye mstari. Uvutano unakivuta chombo kuelekea kitovu cha Dunia, wala hauelekei kwingine. Ndiyo maana duara ambalo chombo kinalichora lazima liwe na kitovu cha Dunia katikati yake. Ukiliwazia duara hilo kuwa bapa kubwa lisilo na unene, bapa hilo litaikata Dunia nusu kwa nusu, na bapa linaloikata Dunia nusu kwa nusu halina pa kupita ila kwenye ikweta. Huwezi kuwa na setilaiti inayozunguka juu ya latitudo ya Dar es Salaam peke yake. Huwezi kuitundika nyingine juu ya Moscow ikae hapo. Warusi, ambao sehemu kubwa ya nchi yao iko mbali kaskazini, walilazimika kubuni njia ya ajabu kwa ajili ya setilaiti zao za Molniya kuanzia mwaka 1965: obiti ndefu kama yai, ya saa kumi na mbili, ambayo upande wa kaskazini hupanda hadi kilomita 40,000 hivi na kukawia huko kwa saa nyingi, kisha ikateremka na kupita kusini kwa haraka. Ni ubunifu mzuri sana. Na hata hivyo kila mzunguko ulivuka ikweta mara mbili.

Kuna matokeo mengine ya jiometri hii, na haya ndiyo yaliyowaleta Waitaliano Ngomeni, kwenye pwani ya Kenya. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki, mwinamo wa obiti yake, yaani pembe kati ya bapa lake na ikweta, hauwezi kuwa mdogo kuliko latitudo ya mahali iliporushwa. Cape Canaveral iko nyuzi 28.5 kaskazini, anayerusha kutoka pale hupata obiti iliyoinama nyuzi 28.5 au zaidi. Akitaka kuilaza juu ya ikweta, lazima awashe injini tena huko juu na kuligeuza bapa zima, na kwenye obiti ya chini mgeuko huo unadai kasi ya ziada ya karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, sawa na nusu ya kasi yote aliyoitafuta kwa roketi nzima tangu ardhini. Juu ya hayo kuna zawadi ya mzunguko wa Dunia. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa mita 465 kila sekunde, na roketi inayopaa kuelekea huko inaondoka na mwendo huo mkononi bila kuulipia.

Kaskazini ya Malindi, kwenye Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, yalisimamishwa majukwaa ya chuma baharini, kusini ya ikweta kwa nyuzi tatu kasoro kidogo. Mwenye wazo alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo hatua za roketi zilizokwisha kazi zingeanguka majini bila kumdhuru mtu. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka pale. Hadi urushaji wa mwisho, tarehe 25 Machi 1988, setilaiti tisa ziliingia kwenye obiti kutoka maji ya Ngomeni, zote kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, nyembamba, ya hatua nne na fueli yabisi.

Ya pili kati ya hizo ndiyo ninayotaka kukaa nayo. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, alitaka iitwe Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya astronomia vya dunia nzima hadi leo. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi. Kazi yake ilikuwa kupima eksirei zinazotoka angani, na ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa kuundwa kwa kazi hiyo peke yake.

Eksirei za nyota haziifikii ardhi. Angahewa inazimeza zote, jambo la heri kwa viumbe na la taabu kwa wanaastronomia. Tarehe 18 Juni 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi kilirusha kutoka New Mexico roketi ndogo iliyokwenda juu na kurudi chini. Ilikaa juu ya angahewa kwa dakika tano au sita tu, na katika dakika hizo ikakiona chanzo kikali cha eksirei kwenye kundinyota la Nge. Ugunduzi mkubwa, lakini hebu fikiria kuisoma mbingu nzima kwa dakika tano tano. Roketi ile na Uhuru vilianguka vyote viwili, kwa uvutano ule ule. Tofauti ni kwamba Uhuru ilianguka kwa upande, kwa kasi ya kutosha kuikosa Dunia, na hivyo ikapewa muda. Ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika kumi na mbili, ikiifagia mbingu ukanda baada ya ukanda.

Obiti yake ya nyuzi tatu iliifaa kwa jambo jingine pia. Dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye nguvu zilizonaswa na usumaku wake, na juu ya Atlantiki ya Kusini, karibu na Brazil, mikanda hiyo hushuka chini kuliko kwingine. Chombo kinachopita katikati ya eneo hilo hujazwa kelele, vipimo vikaharibika. Obiti iliyolala karibu na ikweta hupita pembezoni mwake tu. Uhuru ilifanya kazi katika ukimya ambao chombo kilichorushwa kutoka Florida kisingeupata kwa urahisi.

Na ilivyoviona! Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Katika kundinyota la Kantarusi ilikikuta chanzo kinachopigapiga kila baada ya sekunde 4.8. Mapigo yale yalikaribiana, yakaachana, yakakaribiana tena, na kila baada ya siku mbili na kitu yakazimika kwa muda. Wanasayansi wakatambua maana yake: kitu kile, nyota iliyosinyaa na kujikusanya hadi upana wa mji, kilikuwa kikiizunguka nyota nyingine kubwa, kikija kwetu na kwenda zake, kikijificha nyuma yake. Chombo kilichokuwa kikianguka kuizunguka Dunia kilisoma kuanguka kwa nyota kuizunguka nyota, kwa kanuni ile ile ya Newton, bila kubadilisha herufi. Katika kundinyota la Swani iliona mng'ao unaobadilika kwa haraka kuliko sekunde moja, dalili kwamba chanzo chake ni kidogo mno. Darubini za ardhini zilipoitafuta nyota jirani yake na kuupima mwendo wake, ikaonekana kwamba kile kidogo ni kizito kuliko nyota yoyote iliyosinyaa inavyoweza kuwa. Hicho ndicho Cygnus X-1, shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walio wengi walilikubali. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nasikitika kwamba kisa hiki, kilichoanzia kwenye maji ya wavuvi wa Pwani, hakisimuliwi kwetu kwa nguvu kinayoistahili.

Majukwaa yalinyamaza mwaka 1988, lakini antena za kituo cha nchi kavu ziliendelea kusikiliza. Chombo kilicho kwenye obiti ya ikweta kina uaminifu ambao vingine havina: kwenye kimo cha kilomita mia tano na kitu hukamilisha mzunguko kwa dakika 95 hivi, na kwa kuwa Dunia nayo inageuka kuelekea upande ule ule, humrudia mtu wa Malindi kila baada ya saa moja na dakika arobaini, mzunguko kwa mzunguko, bila kumruka. Ndiyo maana setilaiti ya BeppoSAX ya Waitaliano, iliyorushwa mwaka 1996, ilishusha habari zake pale, na NuSTAR ya Wamarekani ya mwaka 2012, na IXPE ya mwaka 2021. Hiyo ya mwisho inafundisha zaidi. Ilikuwa na kilo 330 hivi tu, ikarushwa kutoka Florida kwa Falcon 9, roketi yenye uwezo wa kubeba tani nyingi. Nguvu iliyobaki ilitumika kuligeuza bapa kutoka nyuzi 28.5 hadi karibu sifuri. Kile ambacho Ngomeni ingekitoa kwa sababu tu ya mahali ilipo, Florida ilikinunua kwa roketi kubwa.

Panda sasa juu zaidi. Kadiri obiti inavyokuwa kubwa ndivyo mzunguko unavyochukua muda mrefu, na kwenye kimo cha kilomita 35,786 muda huo unalingana na mzunguko mmoja wa Dunia yenyewe, saa 23 na dakika 56. Chombo kilichowekwa pale, juu ya ikweta hasa, kikielekea mashariki, kinaonekana kutoka ardhini kama kimesimama. Mwandishi Arthur C. Clarke aliandika mwaka 1945 kwamba vituo vitatu kwenye kimo hicho vingetosha kupeleka mawasiliano karibu kote duniani. Syncom 3 ikathibitisha mwaka 1964. Kituo cha Longonot, bondeni Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970, na simu za ng'ambo zikaanza kupita huko. Waliopiga simu kutoka London siku zile wanazikumbuka: sauti ilipanda kilomita elfu thelathini na sita na kushuka nyingine kama hizo, jibu likafanya safari hiyo hiyo, na nusu sekunde ya kimya ikawafanya watu wawili waanze kusema kwa pamoja, kisha wote wawili wakanyamaza wakingojeana.

Simu sasa nyingi hupita kwenye nyaya za chini ya bahari. Televisheni bado iko kule juu, na mapaa yetu yanatuambia tulipo. Ulaya madishi hutazama kusini, yameinama karibu na upeo wa macho. Nairobi na Kampala, dishi linalopokea kutoka longitudo ya nyuzi 36 mashariki limelala karibu chali, kama sufuria iliyowekwa kukinga mvua. Karibu na mwezi wa Machi na wa Septemba, Jua linapopita ikweta, huja siku kadhaa ambapo kwa dakika chache za mchana Jua hukaa nyuma kabisa ya setilaiti, makelele yake ya redio yakaifunika ishara, na picha ikakatika. Watu humlaumu fundi.

Ukanda huu wa kimo kimoja, juu ya mstari mmoja, una nafasi zenye kikomo. Setilaiti mbili zikikaribiana mno na kutumia masafa yale yale zinavurugana. Tarehe 3 Desemba 1976 nchi za ikweta zilikutana Bogotá: Colombia, Ecuador, Congo, Zaire, Uganda, Kenya na Indonesia, Brazil nayo ikiwapo. Walitangaza kwamba vipande vya obiti hiyo vilivyo juu ya nchi zao ni mali ya asili ya nchi hizo, na kwamba atakaye kuweka setilaiti yake pale sharti aombe ruhusa. Wenye roketi walikataa. Walitaja mkataba wa mwaka 1967 unaosema kuwa hakuna taifa linaloweza kujitwalia anga za juu, na dai likafa polepole.

Nimelisoma tamko lile kwa heshima, na naona lilikosea katika fizikia. Setilaiti iliyo kwenye nyuzi 36 mashariki haijasimama juu ya Kenya kwa namna yoyote ambayo mwenye shamba angeitambua. Inakwenda kilomita tatu kila sekunde, na kinachoipinda njia yake ni uzito wa Dunia nzima, pamoja na Siberia na barafu ya Antaktika. Nchi iliyo chini yake haina mkono wa pekee katika kuivuta. Hata hivyo kosa hilo halinifanyi niwageuzie mgongo waliotia saini. Waliona, kabla ya wengi, kwamba kanuni ya anayewahi ndiye mwenye haki ingewaachia makombo watu ambao bado walikuwa wakihangaika na barabara na zahanati. Swali lao lilikuwa la haki, wakalivika nguo za mipaka ya ardhi kwa kuwa ndiyo lugha ya sheria waliyokuwa nayo.

Wala hawakutoka mikono mitupu kabisa. Mwaka 1982 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulifanya mkutano wake mkuu Nairobi, na katika mkataba uliotoka pale yakaingia maneno kuhusu mahitaji ya pekee ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya baadhi ya nchi. Mwaka 1988, Geneva, ukakubaliwa mpango unaoitengea kila nchi angalau nafasi moja kwenye ukanda ule kwa masafa fulani, iwe na roketi au isiwe nayo. Nafasi isiyo na setilaiti hailishi mtu, najua. Lakini ni haki iliyoandikwa, inayomngoja mwenyewe.

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipata setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1. Haikurushwa kutoka Ngomeni. Ilipaa kutoka Vandenberg, California, kuelekea kusini juu ya Pasifiki, kwa sababu ilitakiwa kupita karibu na ncha za Dunia. Obiti ya namna hiyo, wakati Dunia inajigeuza chini yake, hukipitisha chombo juu ya karibu kila shamba na kila msitu, wakati ile ya Uhuru isingepita hata juu ya Arusha. Kwa mpigapicha wa mazao na mafuriko kuna sharti jingine: apite kila mahali kwa saa ile ile ya Jua, ili vivuli vya leo vilingane na vya mwezi ujao. Bapa la obiti basi linapaswa ligeuke lenyewe takribani nyuzi moja kwa siku, lifuatane na Jua mwaka mzima. Nani analigeuza? Si injini. Dunia imevimba kiunoni. Nusu kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi, na uvimbe huo hulivuta bapa pembeni kidogo kidogo. Wahandisi huchagua mwinamo, nyuzi 97 au 98, ambao kwao mvuto huo unatoa nyuzi ile moja kwa siku kamili. Kwa hiyo hata chombo kinachokwenda nchani hupangiwa saa zake na ardhi ya ikweta, na kwa maana hii, tofauti na ile ya Bogotá, nchi zetu kweli zinavuta.

Kuishi chini ya mstari huu kuna upande wa pili. Uhuru yenyewe iliburuzwa na hewa nyembamba hadi ikaanguka mwaka 1979, mwaka uleule Jua lilipokuwa limechangamka, likaitanua angahewa na kukishusha kituo cha Skylab hadi Australia. Kwa mwinamo wake wa nyuzi tatu haikuwa na pengine pa kuangukia ila katika ukanda kati ya nyuzi tatu kusini na nyuzi tatu kaskazini. Hii ni kanuni ya vyote: chombo hakianguki nje ya latitudo kilizokuwa kikizipita. Roketi zinazopeleka setilaiti za televisheni kwenye kimo cha juu kutoka vituo vilivyo karibu na ikweta huacha hatua tupu na vipande kwenye obiti za mwinamo mdogo, vikazunguka kwa miaka juu ya ukanda wetu, na vikishuka vinashuka katika ukanda wetu.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilisema baada ya uchunguzi wa awali kwamba ni pete ya kutenganishia hatua za roketi. Sheria ya kimataifa juu ya jambo hili inampendelea aliye chini: kwa mkataba wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara kinayoyaleta juu ya ardhi hata kama haikufanya uzembe wowote. Ila fidia hudaiwa kwa jina, na jina hupatikana kwa hesabu, kwa kuchukua saa na mahali pa kuanguka na kuirudisha njia nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, hadi ikutane na kitu kilichoorodheshwa. Vipimo vya obiti za maelfu ya vyombo na mabaki huchapishwa wazi kila siku, na kompyuta ya kawaida inatosha kuvikokotoa. Kazi hiyo isingojewe kutoka Ulaya na Marekani kila chuma kinapotua shambani. Ingefaa katika kila nchi ambayo ikweta inaipita au inaikaribia wawepo vijana wenye zamu, wanaojua usiku wowote ni nini kinachopita juu ya Makueni, ni cha nani, na kimebakiza mizunguko mingapi.